Neno "Baba" katika Maisha ya Muuguzi Milka Nyakerario Osewe (1967–2025)

Padri wetu, makatekista, wazee wa Rangwe, wakwe zetu mliofika kutoka Nyamarambe, wauguzi wa Migori mliovaa sare zenu leo, na nyote mlioketi chini ya hema hizi, familia ya Mzee Elkanah Osewe inawasomea maisha ya Milka Nyakerario, kuanzia siku aliyozaliwa hadi siku aliyotutoka, na inaomba mvumilie urefu wake, kwa sababu Mzee Elkanah, mumewe, ameagiza lisiachwe neno hata moja, hasa yale yanayomhusu yeye mwenyewe.

Milka Nyakerario alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1967, katika kijiji kilicho juu ya soko la Nyamarambe, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Japheth Okemwa, aliyefariki tarehe 2 Agosti 2009, na Mama Filister Kwamboka, ambaye yu hai, ana umri wa miaka themanini na mitano, na ameketi hapa mbele kwenye kiti cha kwanza. Ili sisi wa Rangwe tusipotee huko tuendako, ni vyema ijulikane mapema kwamba katika Kikisii baba mzazi huitwa Tata, na mama mzazi huitwa Baba, hivyo tangu ulimi wake ulipofunguka mtoto huyu alimwita Mama Filister Baba, na hakuwahi kumwita kwa jina lingine hata alipokuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Alianza shule ya msingi karibu na nyumbani mwezi wa Januari 1974, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1980, na mwaka uliofuata akapata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana ya Asumbi, ambako alikaa hadi kidato cha nne mwaka 1984. Alifika Asumbi bila kujua neno la Kijaluo, na katika juma la kwanza wenzake bwenini waliiona barua aliyoiandika nyumbani kwa Kikisii, wakatambua ndani yake maneno mawili tu, baba na kamisi, wakacheka mpaka mlezi akaja na taa, huku mmoja akisema, "Jamani, huyu anamwagiza babake kamisi!" Alilia usiku huo, kisha akaamua, na katika muda wa miaka miwili akawa anazungumza Kijaluo kwa ufasaha, hata wageni wakamdhani binti wa Kijaluo wa Karachuonyo.

Alisomea uuguzi katika chuo cha misheni kuanzia mwaka 1986 hadi 1989, akaajiriwa na serikali siku ya Jumatatu, tarehe 5 Februari 1990, katika kituo cha afya kilicho nje kidogo ya mji wa Migori, na ni hapo Mzee Elkanah, wakati huo karani mkalimani wa mahakama, alipokuja kutibiwa malaria mwezi wa Mei 1991. Alimwuliza kwa Kiswahili sanifu kama sindano ni ya lazima, naye akamjibu kwa Kijaluo kwamba mwanamume mzima haulizi hilo, na tangu siku hiyo Mzee hakuugua malaria ila alipotaka kumwona. Walifunga ndoa takatifu siku ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1992, katika kanisa la Asumbi, baada ya mahari kukubaliwa na pande zote mbili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lynnet, aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 1994, na ambaye sasa ni mwalimu Nakuru, na Maxwell, aliyezaliwa tarehe 21 Aprili 1997, na ambaye ana duka la dawa mjini Migori.

Nyumba yao ilizungumza Kijaluo na Kiswahili. Kikisii kilisikika Jumapili tu, saa kumi alasiri, Milka alipompigia mama yake simu na kuanza kwa sauti ya msichana mdogo, "Baba!", na Mzee Elkanah, akiwa kwenye kiti chake na gazeti, alikuwa na mzaha wake wa kila Jumapili, "Kama mama mkwe ndiye Baba, mimi ni nani katika boma hili?", naye Milka alikuwa akifunika simu kwa kiganja na kumjibu, "Wewe ni Baba Lynnet, tosheka na hilo." Mke alikuwa amejifunza lugha ya mume kabla hata ya kumjua mume, lakini mume, ambaye kazi yake ilikuwa lugha, na aliyekula kiapo cha ukalimani mara zisizohesabika kwa muda wa miaka thelathini na mmoja, hakujifunza lugha ya mke, kwa kuwa hakuna siku iliyomlazimu.

Tuje sasa kwenye kazi yake. Siku ya Jumatano, tarehe 17 Juni 1998, akiwa amehamishiwa wodi ya watoto katika hospitali moja ya Migori, aliletwa msichana wa miaka sita aliyemwagikiwa na uji wa moto, na wakati wa kusafishwa kidonda mtoto alipiga kelele, "Baba! Baba!", nao wauguzi wakamleta baba yake amshike, na kadiri alivyoshikwa ndivyo alivyozidi kulia. Milka alipoingia na kuuliza kulikoni, muuguzi mwenzake alimwambia kwa hasira, "Sister, si anaita baba yake, na baba ndiye huyu amemshika, anataka nini kingine?" Milka alimtazama yule mwanamume aliyekuwa akitokwa na machozi, akamtazama mtoto, akasema, "Huyo ni Tata. Baba yuko nje ya geti, mmemfungia. Nendeni mkamlete." Kweli mama alikuwa ameketi kwenye nyasi tangu asubuhi, kwa kuwa kanuni iliruhusu mzazi mmoja tu, na alipoingia mtoto alinyamaza kabla hata hajaguswa.

Kuanzia siku hiyo Milka hakumgusa mgonjwa kabla ya kumwuliza mambo matatu, yaani ukiumwa unaita nani na kwa jina gani, maumivu yako nyumbani mnayaitaje, na ni nani asiyefaa kukuosha. Kwa maswali hayo alimpata mzee wa Kikuria aliyekataa kuogeshwa siku tano, akaandikwa kuwa mkaidi, kumbe muuguzi wa zamu alikuwa ameolewa katika ukoo wake na kwa desturi ni mkwe wake, na alimpata mama wa Kijaluo aliyesema roho inamuuma, akaambiwa apunguze mawazo, kumbe alikuwa anaonyesha kifua. Daktari mmoja alimpachika jina la Sister Maswali, na mbele ya wanafunzi akamwambia, "Sister Maswali, hapa tunatibu ugonjwa, hatuandiki historia ya koo," naye akajibu, "Daktari, huo ugonjwa umelala ndani ya mtu, na huyo mtu ana kwao."

Maneno aliyoyakusanya aliyaandika katika daftari la shule, na lilipochakaa, mwezi wa Agosti 2011, alimwomba mumewe amnakilie upya, kwa kuwa mwandiko wa Mzee Elkanah unajulikana hadi Kisumu. Mzee alinakili kurasa zote hamsini na nne kwa wino mweusi na vichwa vya habari kwa wino mwekundu, kwa muda wa majuma matatu, na katika ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, aliandika kwa mkono wake mwenyewe, "Mkisii akiita Baba, anamwita mama yake. Mlete mama." Aliuandika vizuri, akaupigia mstari kwa rula, na hakuusoma.

Siku ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, akiwa nyumbani hapa Rangwe kwa likizo yake ya mwaka, marehemu alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo, saa tatu na nusu asubuhi, akaegemea upande wa kulia na kushindwa kuinuka, akapelekwa kwa gari la jirani, kupitia Rodi Kopany, hadi hospitali moja ya Homa Bay, ambako ilithibitika kwamba amepigwa na kiharusi. Muuguzi wa zamu, Phanice, dada mpole tusiyemlaumu, alimwuliza Mzee swali ambalo Milka mwenyewe angelifurahia, "Mzee, mama anaongea lugha gani?", na Mzee akajibu kwa fahari, "Andika Kijaluo. Mke wangu anakijua kuliko wewe na mimi."

Wakamsemesha Kijaluo, naye hakujibu. Wakamsemesha Kiswahili na Kiingereza, naye akawatazama kama mtu anayesikia mvua ya mbali. Daktari alitueleza baadaye, wakati maelezo hayakuwa na faida tena, kwamba kiharusi huweza kuzifuta lugha alizojifunza mtu na kumwachia ile ya kwanza peke yake, na kwa Milka hata katika hiyo ya kwanza lilibaki neno moja. Jioni ya siku ile alilitamka waziwazi, "Baba."

Mzee Elkanah alikuwa hajatoka kando ya kitanda. Alisimama, akamshika mkono, akasema, "Niko hapa, mama Lynnet," na ni lazima isemwe hapa, kama alivyotaka isemwe, kwamba moyo wake ulijaa furaha, kwa sababu alidhani katika yote yaliyopotea amebaki yeye, wala mzaha wake wa kila Jumapili haukumjia akilini. Milka aliutoa mkono wake. Siku ya Jumatano aliita Baba tena na tena, akielekeza macho mlangoni, na muuguzi akauliza, "Baba yake mzazi yuko hai?", Mzee akajibu, "Alifariki mwaka wa 2009," ikaandikwa kwenye faili kwamba mgonjwa amechanganyikiwa, anaita marehemu. Maxwell alipofika kutoka Migori alisema, "Baba, si anaita wewe, sogea karibu," Mzee akasogea, naye Milka akageuza uso ukutani, wakadhani ni maumivu, akachomwa dawa ya usingizi.

Alhamisi Maxwell aliuliza, "Tumlete nyanya kutoka Nyamarambe?", na safari yenyewe haizidi saa mbili kwa gari. Mzee alifikiri kidogo, akasema, "Akija atalala wapi? Mkwe halali kwangu, wewe wajua. Wacha mama yako apate nafuu, tutamwambia taratibu, asije akashtuka na uzee huo." Hiyo ndiyo heshima tuliyomtendea Mama Filister. Ijumaa marehemu aliita mchana kutwa, sauti ikipungua, Jumamosi asubuhi hakuamka tena, na Lynnet aliyefika adhuhuri hiyo kutoka Nakuru hakuisikia sauti ya mama yake.

Siku ya Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, simu ya Milka ililia mfukoni mwa Mzee Elkanah. Aliitoa, akatazama kioo, na juu ya kioo yalikuwa yameandikwa maandishi makubwa, BABA, na hapo ndipo alipoukumbuka mzaha wake mwenyewe. Aliiacha ilie mpaka ikakatika, na ilipolia mara ya pili akaishika, na sauti ya Mama Filister ikamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mkwe, mtoto hajanipigia. Nimekaa na simu kwa mkono tangu saa nane. Iko nini huko?"

Aliiweka simu kwenye sikio la mkewe, na Mama Filister akazungumza na binti yake kwa Kikisii kwa muda wa dakika kumi na moja, akiuliza na kungoja jibu, akiuliza na kungoja, na kope za Milka hazikutikisika. Maxwell aliondoka saa hiyohiyo, akanaswa na mvua na tope ng'ambo ya Rongo, akamchukua nyanya yake alfajiri, na Milka Nyakerario akakata roho siku ya Jumatatu, tarehe 10 Novemba 2025, saa moja na dakika ishirini asubuhi, gari likiwa limefika Rodi Kopany, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, miezi saba na siku ishirini na saba.

Mama Filister alifikishwa kitandani saa mbili na dakika tano. Alimfunua uso, akamfunika, akamwuliza mkwe wake jambo moja tu, "Aliniita?", na Mzee Elkanah, ambaye maisha yake yote ya kazi aliapa kutafsiri kweli na kweli tupu, akajibu, "Alikuita siku nne." Mama akaketi sakafuni. Familia haijapata faraja ya kuwaletea, kwa maana kazi ya miaka thelathini na mitano iliwafikia wagonjwa wa Migori wasio na hesabu, lakini haikumfikia yeye, ilhali daftari lilikuwa kabatini, limeandikwa vizuri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Homa Bay waliomhudumia kwa bidii, Dada Phanice aliyerudi siku ya mapumziko yake ili amwoshe, majirani waliotoa gari, kuni na maji, wafanyakazi wenzake wa Migori, ambao leo tunawakabidhi lile daftari, na wakwe zetu wa Nyamarambe, waliokubali kuketi pamoja nasi baada ya kuambiwa yote haya. Mama Filister amelala katika boma hili siku kumi na mbili, ndani ya nyumba ya binti yake, na hakuna aliyethubutu kutaja desturi.

Nyakerario, pumzika sasa kwa amani. Baba amefika.