Kuiaga Timu ya Wavu ya Chuo cha Wickstead

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Dakta Amyn Kassamali, Mkuu wa Chuo cha Fernmoor, uliyeendesha gari kutoka Mississauga hadi huku Malvern saa za foleni bila kugeuza njiani. Bi. Shenaz Virani, Mkuu wa Chuo chetu cha Wickstead kwa wiki chache zilizobaki. Padri Landry, mwenye ukumbi huu na mwenye funguo za jiko. Bwana Alistair Noronha, Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi na Marafiki. Ndugu wazazi na ndugu wageni waalikwa. Wachezaji wangu wa meza ya mbele, mnaodhani siwaoni mnavyochezea simu. Na nyinyi wengine mliochagua kuketi karibu na mlango wa jikoni kwa sababu mnazozijua wenyewe: habari za jioni, na karibuni sana.

Mimi naitwa Lourdes Mascarenhas, ingawa wengi wenu mnaniita Mwalimu tu. Nimefundisha hesabu Wickstead mchana, na mpira wa wavu jioni, tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi bila msaada wa dukani. Chuo kinafungwa mwisho wa Juni. Wiki iliyopita kiliagwa rasmi kwa Kiingereza, kwa jibini na biskuti za chumvi, watu wakasema maneno mazuri kisha wakaenda nyumbani na njaa. Bwana Alistair akanivuta pembeni akaniuliza, "Mwalimu, ndivyo tunavyozika chuo? Hata chai?" Ndiyo maana tuko hapa. Hafla hii ni yetu, sisi tuliohamia huku ughaibuni, kwa lugha yetu, na Padri ameahidi kwamba biriani haitatoka jikoni mpaka nimalize kusema, kwa hiyo naomba tusaidiane.

Ndugu zangu, chuo kidogo hakifi ghafla. Chetu kilianza kuumwa siku ilipoondoka mashine ya kahawa. Tulifika asubuhi tukakuta alama yake mezani. Kisha yakaondoka maua ya mapokezi, kisha mwalimu wa historia, kisha joto la ukumbi wa michezo, tukawa tunafanya mazoezi na makoti. Vibali vya masomo vilipobanwa, wanafunzi wa kutoka nje wakapungua, na ada zao ndizo zilizokuwa zikilipa taa. Wa hapa hapa nao wakavutiwa na vyuo vikubwa vyenye mabwawa ya kuogelea. Uongozi ukawa unatuita kwenye mikutano kutuambia kwamba hali ni nzuri. Niliposikia tena na tena kwamba hali ni nzuri, nilianza kupeleka vitabu vyangu nyumbani kidogo kidogo.

Bodi nayo ikakaa, ikafikiri, ikagundua kwamba kinachotumaliza ni michezo. Michezo ni anasa, walisema, ikatwe kwanza. Nawauliza nyinyi wazazi: ni nani kati yenu aliyewahi kuamka asubuhi ya Januari, akafukua gari kwenye theluji, akaenda kuishangilia idara ya uhasibu? Wangapi kati ya mabinti hawa waliingia Wickstead kwa ajili ya jengo letu, ambalo hata njiwa wanalipita? Walikuja kucheza, na kwa kuwa walikuja kucheza, wakasoma. Walipoikata michezo ya wavulana, wavulana wakahama na ada zao. Mwalimu wa hesabu hahitajiki kuieleza hesabu hiyo, lakini nilijitolea kuieleza, na bodi ikanishukuru kwa mchango wangu.

Hapa nataka nimsifu Bi. Shenaz, na sitanii. Siku uamuzi wa kufunga ulipopitishwa, aliambiwa atume ujumbe kwa kila mtu na asionekane ofisini kwa muda. Alikataa. Alipita darasa kwa darasa, akasimama mbele ya watoto, akawaambia kwa mdomo wake mwenyewe, akaulizwa maswali makali na kuyajibu. Alipofika darasani kwangu sauti ilikuwa imemkauka. Bi. Shenaz, nakuheshimu sana, na najua hujalala vizuri mwaka huu wote.

Sasa turudi kwenye vituko, maana timu hii iliishi kwa vituko. Bodi ilipofuta basi la timu, Kamati iliamua kuchangisha. Bwana Alistair alikuwa ametoka kumwoza mpwa wake, na kadi ya mchango wa harusi ile bado ilikuwa kwenye kompyuta yake. Akaifungua, akafuta majina ya maharusi, akaandika "Timu ya Wavu ya Wasichana ya Wickstead," akaituma kwa kila mtu kutoka huku Malvern hadi Brampton. Pete mbili za dhahabu pale juu hakuzifuta. Alituambia baadaye kwamba zilipendeza.

Na sisi mnajua tunavyosoma kadi. Tunaangalia picha, tunaangalia namba ya kutumia mchango, tunaangalia kama ni ya mtu mmoja au ya watu wawili, basi. Siku ya hafla, ukumbi huu huu ulijaa watu waliopendeza kwa sare za vitenge. Familia moja ya Brampton ilileta mashuka. Mama mmoja alimshika Gina shavu akamwuliza bwana harusi ni mtoto wa nani. Gina, ambaye ni nahodha wetu, husikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza. Akamjibu kwa adabu kwamba hana mchumba, ana mtihani wa anatomia. Yule mama akamwonea huruma, akaongeza mchango.

Nawashukuru, kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliyedai mchango wake urudishwe. Basi tulilipata, na hotipoti za zawadi zikawa nyingi kuliko wachezaji. Msimu ule, timu nyingine zilikuwa zinatafuna mikate baridi njiani kwenda Sudbury, sisi tunafunguliana pilau. Dereva akawa anaomba apangiwe safari zetu tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, usijisahau, sasa nakuja kwako.

Wageni waalikwa, lazima mjue kwamba uwanjani mimi nafundisha kwa Kiswahili. Si uzalendo, ni ujanja. Nikipiga kelele "dondosha mbele ya wavu," wapinzani wanadhani naomba maji. Ujanja huu ulitufikisha fainali, Februari iliyopita, kwenye ukumbi wa Fernmoor wenyewe. Lakini siku ile kila nilichosema, wapinzani walikuwa tayari wanakisubiri. Nikisema mbele, wako mbele. Nikisema kulia, wamejaa kulia. Nikageuka, nikamwona nani nyuma ya benchi lao? Mkuu wa Chuo, mzaliwa wa Moshi, tai shingoni, ameinama kwenye sikio la kocha wao anatafsiri. Dakta, usitikise kichwa, mashahidi wako meza ya mbele.

Nilichanganyikiwa. Kwa hasira nikahamia Kigoa, lugha ya nyumbani kwa bibi yangu. Dakta hakuelewa hata neno moja, na kwa muda nilijiona nina akili sana. Kumbe wachezaji wangu nao hawakuelewa. Mélissa, huyu mrefu, mtoto wa Kinshasa, alikuja pembeni akaniuliza taratibu, "Mwalimu, ça va? Uko salama? Nimwite daktari?" Basi wakabaki wenyewe, wakaacha kunitazama mimi, wakaanza kutazamana. Na pale benchi alikuwepo Yolanda, mchezaji wetu wa akiba, ambaye mipira yake ya kuanzisha huenda moja kwa moja kwenye wavu kwa uaminifu mkubwa, lakini ana jicho la kuona pengo la wapinzani kabla ya mtu mwingine. Akawa anamwitia Mélissa pengo liko wapi, Mélissa anaunyanyua mpira, Gina anaumalizia. Wakashinda. Magazeti ya vyuo yalimsifu Gina na Mélissa. Yolanda hayakumwandika, na mimi yaliniandika kwa heshima nisiyostahili.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye jambo langu la leo.

Mwezi uliopita Dakta Kassamali alinipigia simu. Akaniamkia, "Shikamoo Mwalimu," nikaitika, akauliza magoti yangu, akauliza theluji ya huku kwetu, nikajua anataka kitu. Akaniambia, "Wanafunzi wenu wote nitawapokea wamalize masomo. Kwa upande wa michezo nina nafasi ya Gina, nafasi ya Mélissa, na nafasi yako wewe uwe msaidizi wa kocha wetu."

Nikamwuliza, "Na wengine?"

Akasema, "Wengine watasoma, Mwalimu."

Kusoma si kubaya. Nimekula kwa kazi ya kusomesha. Lakini Gina na Mélissa waliposikia, walikuja kwangu, wakavua viatu mlangoni, wakaketi kwenye kochi wakiwa wamenuna. Mélissa akasema, "Hatuendi bila wenzetu." Gina akasema hivyo hivyo kwa Kiingereza, na akaongeza maneno ambayo Padri sitamtafsiria. Nao wote wawili wanasoma kwa ufadhili wa michezo. Wasipocheza, hakuna anayewalipia ada, na wasipolipiwa hawamalizi. Gina amebakiza mwaka mmoja awe muuguzi. Mama yake anafunga maboksi kwenye ghala kule Brampton, na yuko humu ndani ananisikiliza.

Nilikasirika. Nikaenda jikoni nikalia kidogo, nikarudi sebuleni nikakasirika tena. Niliwaambia ni wajinga. Waliposhuka ngazi niliwatazama dirishani, na sijawahi kumpenda mwanafunzi kama nilivyowapenda wawili wale jioni ile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jibu langu hukulipata kwenye simu kwa sababu nililitaka ulipate hapa, mbele ya watu na simu zao. Ile nafasi yangu siichukui. Mshahara ule uliotaka kunipa, ufungulie kikosi cha pili, na humo uwaweke wote waliobaki, Yolanda akiwa wa kwanza. Mavazi wanayo. Chakula cha njiani Kamati itapika, Bwana Alistair amekubali, au atakuwa amekubali nikimaliza kusema. Utakachokosa ni kocha msaidizi aliyezeeka, na wewe mwenyewe uliona kwa macho yako kwamba hawa wanashinda hata kocha wao akiongea upuuzi.

Wasemaje, Dakta?

Ndugu zangu wa nyuma, kwa kuwa hamkusikia, Mheshimiwa anasema haya ni mambo ya kuzungumza ofisini. Dakta, wewe ni mtu wa Moshi na mimi ni wa Tanga. Sote wawili tunajua maana ya "njoo ofisini." Mimi nimefundisha hesabu, nina subira, na biriani inapoa. Tunakusubiri.

Bi. Shenaz anamnong'oneza. Sijui anamwambia nini, lakini huyu mama ametazama chuo kizima kikifungwa mikononi mwake, basi akinong'ona, mtu husikiliza.

Anasema msimu mmoja. Rudia kwa sauti, Dakta, tafadhali.

"Msimu mmoja, kikosi kizima, halafu tutaangalia."

Mmemsikia. Nimepokea. Msimu mmoja unatosha Gina kumaliza, na hayo mengine mtayapigania wenyewe uwanjani.

Wanangu wa meza ya mbele, acheni kwanza kukumbatiana, nina neno. Gina, Mélissa, mmetaka wenzenu, mmepewa wenzenu, sasa hakuna kisingizio. Kesho mnaenda kutia saini. Kuanzia Septemba mtakuwa na kocha mwingine. Ni mtu mzuri, anaongea Kiingereza tu, na hapendi mchezaji anayechelewa. Mtamsikiliza yeye. Mkishindwa, msinipigie simu kumsema, maana nitamtetea. Mkikosea mpira, msigeuke kulitazama benchi, kwa sababu sitakuwa pale. Tazameni mbele. Yolanda, endelea kuwaitia, hata wakikuambia unyamaze.

Nilikuwa na kazi niliyoipenda, na leo nimeigawa mbele yenu kwa hiari yangu. Inauma. Sijui jioni za Jumanne nitazifanyia nini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bi. Shenaz, Padri Landry, Kamati, wazazi na wageni wote, ahsanteni sana kwa kuniazima masikio yenu mkiwa na njaa. Padri, fungua jiko. Nami niruhusuni nikae haraka, maana nikiendelea kusimama hapa nitalia, na Dakta atadhani nimebadili mawazo.