Siku Arobaini na Moja za Bi Rudisha

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mkaguzi mkuu wa ngozi mbichi wa kiwanda chetu atavua aproni yake ya mpira kwa mara ya mwisho. Aliajiriwa tarehe 1 Julai akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, na anaondoka akiwa na sitini. Hesabu hiyo haihitaji kalamu: ni miaka thelathini na miwili kamili. Lakini fomu ya kustaafu iliyotoka ofisini inasema miaka thelathini na mmoja, miezi kumi na siku ishirini. Zimepungua siku arobaini na moja. Kwenye faili lake siku hizo zimefungwa kwa maneno matatu: "Aliacha kazi mwenyewe."

Bi Rudisha amekataa kuisaini fomu hiyo. Siku zenyewe hazimwongezei wala kumpunguzia kitu mfukoni, na hajaomba kitu. Anachotaka ni maneno yale matatu yafutwe kabla hajatoka getini. Sisi wa ghala la ngozi mbichi tunataka hivyo hivyo. Kwa hiyo wasomaji watuwie radhi, wasifu huu hautakuwa mtamu mwanzo hadi mwisho.

Kwa wenzetu wa ghorofani ambao hushuka ghalani mara chache kwa sababu ya harufu, tueleze kwanza kazi yake. Ngozi hufika kutoka machinjioni ikiwa imepakwa chumvi na kukunjwa. Bi Rudisha huikunjua juu ya meza iliyo chini ya dirisha la mashariki, upande wa nyama ukiwa juu, akatafuta mikato ya kisu. Kisha huigeuza, akapitisha kiganja kuanzia shingoni hadi mkiani, akitafuta makovu, alama za kupe na michubuko ya miiba. Mwisho hushika manyoya ya tumboni kwa vidole viwili na kuvuta. Yakigoma, ngozi ni nzima. Yakitoka, imeshaanza kuoza, hata kama kwa macho inang'aa. Huipiga namba kwa rangi, moja hadi nne, na isiyofaa hata namba nne huipa neno moja tu: "Rudisha." Wapakuzi walimbandika jina hilo katika wiki yake ya pili, kwa kumkejeli. Leo hata wajukuu zake wanamwita Bibi Rudisha, na anaitika.

Kazi hii imemwingia mpaka nyumbani. Haketi karibu na mtu mwenye mkoba bila kuugeuza aone mshono wa ndani. Alipolazwa mwaka juzi kwa ajili ya goti, daktari alikuja kumpima akajikuta yeye ndiye anayepimwa: "Viatu vyako ni ngozi ya mbuzi, mwanangu, na aliyemchuna mbuzi huyo alikuwa na haraka." Mumewe, fundi baiskeli, anasema siku ya kwanza alipomtamkia kwamba anataka kumwoa, kwanza alishikwa kidevu na kugeuzwa uso kuelekea kwenye mwanga. "Nikapita daraja la pili," anasema, "kwa sababu ya hili kovu la shavuni. Na mpaka leo nimekata rufaa, sijajibiwa."

Naye aliwahi kukosea, tena vibaya. Katika mwaka wake wa tatu, siku ya mawingu mazito, alikagua ngozi sitini chini ya taa ya umeme ili gari la watu lisikae. Zote alizipa namba moja. Kesho yake jua lilipotoka, akaona mikato myembamba ya kisu imejaa upande wa nyama kama mistari ya daftari. Hakumwachia mtu mwingine aiseme. Alikwenda mwenyewe kwa msimamizi, akazifuta namba zote sitini kwa mkono wake, na tangu siku hiyo hajakagua ngozi bila mwanga wa mchana. Kila mwanagenzi aliyepita kwake amesimuliwa kosa hilo siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa pa kutundika koti.

Jambo kubwa alilokifanyia kiwanda hiki alilifanya nje ya kiwanda. Katika mwaka wake wa nane, kati ya kila ngozi mia zilizoletwa, thelathini na nane zilikuwa na mikato. Badala ya kuendelea kuzirudisha na kulaumiana, aliomba ruhusa akaenda machinjioni. Wachunaji walimpokea kwa vicheko. "Mama, umepotea njia," mmoja wao alimwambia, "jiko lako liko nyumbani." Aliomba kisu chenye ncha ya mviringo, akakunja mikono ya shati, akamwendea ng'ombe aliyetundikwa. Alipasua kwa kisu pale panapobidi tu, na ubavuni kote akaweka kisu chini, akawa anasukuma kwa ngumi kati ya ngozi na nyama. Alipomaliza aliinyanyua ile ngozi juani, yeye nyuma yake, akawaambia, "Nitafutieni tundu." Walitafuta. Walitafuta tena. Baada ya miaka miwili ya safari zake za kila Alhamisi, thelathini na nane zilikuwa zimeshuka hadi kumi na moja. Namba hizo zimo katika daftari la ghala, na yeyote anakaribishwa kuja kuzisoma.

Sasa tufike kwenye zile siku.

Ilikuwa mwaka wake wa kumi na tisa, msimu wa mvua nyingi. Iliingia shehena ya ngozi elfu moja mia moja na themanini kutoka kwa wakala mmoja mkubwa. Ngozi zilikuwa zimecheleweshewa chumvi. Bi Rudisha alivuta manyoya ya tumboni, yakamjia mkononi kama pamba. Akaendelea kukagua siku mbili mfululizo, na zaidi ya mia saba akazipa namba tatu na namba nne. Meneja wa ununuzi wa wakati huo, ambaye hayupo nasi tena kazini, alikuwa ameshawaahidi washonaji wa viatu vya shule ngozi za daraja la kwanza. Alishuka ghalani, akamwamuru azipake rangi upya. Tuliokuwepo tulisikia yote.

"Zipe namba moja zote. Zikishapita kwenye mapipa nani atajua?"

"Atajua atakayevaa kiatu."

"Basi kakae nyumbani mpaka macho yako yapone."

"Macho yangu hayaumwi, bwana meneja. Zinazoumwa ni hizo ngozi."

Hakupewa barua ya kusimamishwa. Hakupewa karatasi yoyote. Aliambiwa kwa mdomo atoke, akatoka, na hiyo ilikuwa Jumatatu jioni. Jumanne saa moja kamili asubuhi alikuwa getini na aproni yake. Mlinzi wa geti alikuwa ameshapewa amri asimwandike kwenye kitabu cha wafanyakazi. Lakini hakuna aliyemwambia asimwandike kwenye kitabu cha wageni. Akamwandika huko. Anakotoka: nyumbani. Anayekuja kumwona: ngozi. Sababu: kazi.

Mgeni hakuruhusiwa kupita kizuizi, kwa hiyo alibaki upande wa nje. Magari ya ngozi nayo husubiri zamu ya mizani upande huo huo wa nje. Dereva wa kwanza aliteremsha ubao wa nyuma wa gari akamwambia, "Mama, nitazamie hizi kabla sijaingia kudhalilika." Alizitazama. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Kufikia wiki ya pili wachunaji wenyewe walikuwa wakidandia magari kuja kuuliza wamekosea wapi, na yeye akiwaonyesha hapo hapo, ngozi imetandazwa juu ya ubao wa gari, jua likiwaka. Mlinzi alikuwa akihesabu kwa kukata vijistari kwa mkaa ukutani mwa kibanda chake: ngozi elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Ukuta huo umepakwa rangi tangu zamani, ila hesabu tuliinakili kabla.

Huko ndani zile elfu moja mia moja na themanini zilipewa namba moja na mtu mwingine, zikaingia kwenye mapipa ya chokaa. Manyoya yalipotoka, uso wa ngozi ulikuwa na vishimo kama ukuta wa udongo uliopigwa na mvua. Zikapelekwa hivyo hivyo. Washonaji walipopitisha sindano, uzi ulizichana kama karatasi iliyolowa. Shehena yote ilirudi siku ya Ijumaa. Jumatatu iliyofuata Bi Rudisha alifunguliwa kizuizi. "Ingia, mama, meza yako inakungoja," ndiyo maneno pekee aliyoambiwa. Hakuombwa radhi. Aliingia, akafuta meza, akaomba ngozi ya kwanza. Mwaka uliofuata, alipopandishwa kuwa mkaguzi mkuu, ndipo alipoliona faili lake kwa mara ya kwanza. Amepinga maneno yale matatu kwa barua nne tangu siku hiyo. Hakuna iliyojibiwa.

Mwezi huu, tarehe 12 Juni, aliletewa fomu. Aliirudisha. Ikaletwa tena tarehe 15, akairudisha tena. Afisa utumishi, ambaye, tumtendee haki, hakuwepo miaka hiyo, alimwambia kwa upole, "Mama, mimi nafuata faili." Naye akamjibu kwa upole ule ule, "Faili, binti yangu, halijawahi kunusa ngozi." Tarehe 19 tulikipata kitabu cha wageni cha mwaka ule kwenye chumba cha majalada, chini ya mafaili ya bima. Panya wamekula jalada tu. Toka Jumanne ile hadi Jumapili ya mwisho ni siku arobaini na moja. Ukitoa Jumapili sita ambazo geti lilifungwa, zinabaki thelathini na tano. Mistari yenye jina lake ni thelathini na mitano. Haikosekani hata siku moja ya mvua.

Tulipeleka nakala ofisini. Jibu lilikuja tarehe 22: mgeni si mfanyakazi. Tumelisoma jibu hilo, tumeelewa kila neno, na hatulikubali. Mtu anayefika saa moja asubuhi, akakagua ngozi mpaka jua linapoinama, akarudi kesho yake na keshokutwa, anaitwa mfanyakazi katika kila nchi na kila lugha. Aliyeacha kazi kwa siku zile si yeye.

Mlinzi wa wakati ule sasa ni mzee wa miaka sabini na mmoja, anaishi kwa mwanawe. Tulipomfuata kumwomba atie saini kuthibitisha mwandiko wake, alikataa saini. "Saini mtaifungia kabatini," alisema. "Mimi niliyeandika ndiye nitakayesoma. Nipeni kiti na kipaza sauti." Basi, katika ratiba ya sherehe ya kumuaga iliyoko nyuma ya ukurasa huu, kati ya kipengele cha tatu, muziki, na kipengele cha nne, hotuba ya meneja mkuu, kuna jambo ambalo halikuchapwa. Mzee atasoma mistari yote, mmoja mmoja, kwa tarehe zake. Ameshajipima kwa saa: ni dakika kumi na moja. Wageni waalikwa wanaombwa wasiondoke, na mafundi mitambo wanaombwa wasizime kipaza sauti, maana sauti ya mzee bado inafika mpaka mapipani bila umeme. Baada ya hapo fomu italetwa mezani, mbele ya watu wote, pamoja na kalamu. Kama imesahihishwa, Bi Rudisha ataisaini. Kama haijasahihishwa, atakula chakula chake, atacheza na mumewe, na ataiacha pale pale ilipo.

Bi Rudisha, tunakushukuru kwa macho yako, kwa vidole vyako, na kwa kila ngozi uliyotufundisha kuigeuza kabla ya kuisifu. Afya iwe nawe, goti lisikusumbue, na wajukuu wakuchoshe kwa kiasi. Ishi vizuri. Maneno yale matatu, yasipofutwa, tuachie sisi: tarehe 1 Julai, saa moja asubuhi, tutakuwa mlangoni kwa afisa utumishi, na kesho yake, na keshokutwa.