Prudensia Anastaafu, Wakopaji Kaeni Chonjo

Baada ya miaka ishirini na minne ya kuwashauri wanafunzi, Bi. Prudensia Kokushubira anastaafu rasmi tarehe 31 Julai 2026. Mwenyewe ameshauliza mara mbili ni nani aliyeichagua tarehe hiyo, na kwa faida ya nani.

Alianza katika tawi letu la Houston, enzi kituo chetu cha ushauri kilipokuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, kisha akahamia hapa Arlington, ambako wengi wetu tulimkuta. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza ndugu zetu wa Afrika Mashariki namna ya kulipia masomo, na aliifanya kwa shaka tupu. Barua pepe yenye salamu nzuri mno aliiona ya matapeli. Mkopo ukiitwa rahisi, alivua miwani, akaifuta, akaanza kusoma upya. Hata keki ya siku yake ya kuzaliwa alitaka kujua imechangwa na nani na wachangaji wanaomba nini. Mimi niliyekaa naye meza moja nimeambukizwa: siku hizi nikichekewa tu, najishika mfukoni.

Mwaka huu shaka hiyo ilipata kazi ya kweli. Mkopo wa serikali kuu uliowaruhusu wanafunzi wa uzamili kukopa hadi gharama yote ya chuo umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai mosi. Kilichobaki ni dola 20,500 kwa mwaka, na dola laki moja kwa masomo yote ya uzamili. Fani chache zinazohesabiwa kuwa professional, kama udaktari na sheria, zina kikomo kikubwa zaidi, elfu hamsini kwa mwaka.

Concilie, muuguzi Mrundi wa Fort Worth, alikuwa amepata nafasi ya uzamili wa uuguzi katika chuo kimoja cha binafsi Houston. Aliamini yumo kwenye elfu hamsini, kwani kanisani kila mtu alimwambia hivyo. "Dada, mimi nina license, nashika wagonjwa," alimwambia Prudensia. "Nisipokuwa professional mimi, ni nani?" Hoja ilikuwa nzuri, na ilimuuma Prudensia. Alizisoma kanuni tena na tena akitafuta pa kumpa haki yake, hakupaona. Uuguzi ulikuwa kwenye kikomo kidogo, na chuo kile kilitaka zaidi ya mara mbili yake.

Hapo kwaya ya kanisani kwake ikaingia. Warundi wetu hawamwachi mwenzao akwame, na Nazaire, kiongozi wa kwaya, alipata watu wawili wa kuungana naye kumdhamini Concilie kwenye mkopo wa benki. Wangesaini Jumapili baada ya misa, ukumbini, kwa nyimbo na wali. Prudensia alifika bila kualikwa, akauliza mbele ya watu: Concilie akiugua, benki itamfuata nani? Ukumbi ulinuna. Nazaire alimjibu, "Kwetu mtu tunam-support, hatum-investigate," na tangu siku hiyo akaacha kumsalimia. Mimi nilikuwepo, na niliona aibu kwa niaba ya Prudensia.

Lakini hakuna aliyesaini. Concilie alilia ndani ya gari la Prudensia, akasema masomo basi tena. Prudensia hakuliamini hata hilo. Alipigia simu chuo baada ya chuo, akauliza ada mpaka wapokea simu wakaijua sauti yake, hadi akapata chuo cha serikali ambacho ada yake inaenea ndani ya kikomo. Akamsisitizia Concilie asome kwa muda kamili, maana anayesoma nusu muda hupunguziwa hata mkopo. Zamu za wikendi hospitalini zitalipa kodi ya nyumba.

Concilie anaanza Agosti. Hakuna aliyemdhamini, na hakuna wa kwaya atakayelala akiomba Concilie asipate homa.

Wiki iliyopita Nazaire alipiga simu ofisini kuulizia saa ya sherehe. Prudensia alituagiza tumuulize anakuja kutafuta nini. Tumemuuliza: anakuja na kwaya yake kumwimbia, Concilie akiwa mstari wa mbele.

Dada Prudensia, asante kwa kutushuku huku ukitupenda. Nenda ukapumzike, uwe na afya njema na siku tulivu. Na Nazaire akikunyooshea mkono, usiukague. Ushike.