Paja Langu Halikuwa na Pepo

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Kifanya! Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa upole. Nimejaribu tangu asubuhi, upole umegoma. Nina hasira, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Mnanijua, Mama Tulo, mwenyekiti wa kikundi cha maombi. Mwaka jana tukivuna viazi niliteleza na gunia mgongoni, nikavunjika mguu. Nikafungwa hogo, ile plasta ngumu, kuanzia pajani hadi kwenye kifundo. Lilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga, lakini paja limesinyaa kama la mtoto. Nikitaka kunyoosha mguu, haunyooki. Goti linawaka moto! Chooni nilikuwa nakwenda nimemshika binti yangu bega.

Hospitali moja ya Makambako wakanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, wale wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mtulivu. Akanibandika pajani pedi zenye nyaya za mashine ndogo, akasema, "Mama, huu ni umeme kidogo wa kuamsha msuli. Ukisikia unakaza, na wewe kaza." Akawasha. Paja likaruka! Lenyewe!

Sasa sikieni ujinga wangu. Kwenye maombi yetu, mwili ukitikisika tunasema pepo amejidhihirisha. Miaka mingi nimewashika watu vichwa nikipaza sauti, "Toka!" Nilipoona paja linaruka, nikajua na mimi ninaye. Nikaanza kukemea pale pale kitandani! Nikaikemea mashine, nikamkemea na yule dada, nikabandua pedi, nikarudi nyumbani.

Na ninyi wanakikundi mkashangilia! Nikafunga na kuomba siku saba, nimekaa kwenye kiti, mguu unazidi kukonda. Pepo hakutoka, ndugu zangu, kwa sababu hakuwepo! Miezi ikapita. Mguu ulipokataa kunyooka, mkaanza kunong'ona kwamba nimeficha dhambi. Hilo liliniuma kuliko goti. Mlipekua maisha yangu yote, hakuna hata mmoja aliyeuliza yule mtaalamu alisemaje.

Siku moja nikaanguka jikoni nikiepua sufuria. Nikalala chini kando ya maji ya moto na viazi vilivyomwagika, nikamlalamikia Mungu kwa ukali: mbona umeninyima mguu wangu? Sikusikia sauti yoyote. Nilimkumbuka tu yule dada wa Makambako, na nikaona aibu. Mungu alikuwa ameniletea msaada, mimi nikaufukuza kwa jina la Mwanawe!

Nikarudi. Hakunicheka. Aliuliza tu, "Leo utaniacha nifanye kazi, mama?" Tukaanza upya. Maumivu yalipungua kwanza, nikapata usingizi. Paja lilichelewa. Na msidhani nililala tu nikichajiwa kama simu! Nilikaza na kulegeza mpaka jasho likanitoka, na nyumbani nikafanya mazoezi huku nikinung'unika. Baada ya wiki kadhaa nikainua kisigino kutoka kitandani, nikalia kama mtoto. Leo nimekuja hapa kwa miguu yangu, bila fimbo. Asante, Yesu! Umenivumilia na kiburi changu chote.

Ndugu zangu, mwaminini Mungu, na mwende mkatibiwe. Aliyemfundisha yule dada kazi yake si shetani!

Na wewe dada Faraja, nakuona pale nyuma, umeuficha mkono ndani ya kitenge. Tangu hogo litolewe, vidole vyako havikunjiki. Hospitali walikupa siku ya kurudi, mimi nikakuambia kwenda ni kukosa imani. Ni mimi, si mwingine. Nimekosa, naomba unisamehe. Usinijibu hapa mbele ya watu. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwako twende Makambako, na kama hujanisamehe, twende hivyo hivyo.