Wimbo wa Kufungia: Bi Mashine Anashuka Ngazi

Bi Mashine anastaafu! Jumamosi hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, mwanangu anazima mashine ya sinema, anashuka ngazi ya chuma, na kazini hapandi tena. Haya, nimeshalisema, sasa naweza kusalimia kama mtu mwenye adabu. Hamjambo wafanyakazi wote wa ukumbi wetu, hamjambo watazamaji, na nyinyi mtakaosoma karatasi hii mkisubiri taa zizimwe, hamjambo pia.

Najua hapa kwetu wasifu wa mstaafu huandikwa na mwenzake wa kazi. Meneja aliponiomba mimi, wapo walionong'ona kwamba mama hawezi kumwandikia mwanawe bila kuongeza chumvi. Wanasahau kwamba nilikuwa naonyesha watu viti humu ndani kwa tochi kabla yeye hajaijua ngazi ile. Kwa hiyo mimi ni mwenzake, tena mkubwa wake kazini. Shule yangu ilikuwa fupi, lakini macho yangu hayakukatishwa masomo. Chumvi nitatia, ila kwa kiasi cha chakula kulika.

Bi Mashine ni kitinda mimba wangu. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na miwili, kazi yake ikiwa kuzungusha mikanda ya filamu irudi mwanzo baada ya kila onyesho. Fundi mashine aliyemkuta alikuwa mzee mkali, aliyeamini kwamba mwanamke akigusa mashine, taa itapasuka. Mwanangu akaigusa. Taa haikupasuka. Mzee akaugua mgongo, ngazi ikamshinda, na msichana akabaki juu peke yake na mashine mbili zinazonguruma. Mkanda ulipokatika, na siku zile ulikatika kama uzi mbovu, ukumbi mzima ulipiga miluzi na kuita, "Mashineee!" Yeye alikwangua ncha mbili, akatia gundi, akabana, na kabla mtu hajamaliza tusi lake picha ilikuwa imerudi. Ndipo akaitwa Bi Mashine. Jina nililompa mimi wanalijua benki tu.

Sasa niwaeleze jambo ambalo vijana mnalisikia nusunusu, kila mtu na lake.

Katika mwaka wake wa tano ililetwa filamu ya zama za kale, zama za mishumaa, magari ya farasi na wanaume wenye nywele za bandia. Ilihusu dobi wa jumba kubwa la matajiri. Dobi huyo alifiwa na mkewe, na mkewe alikuwa akijipaka manukato ya asumini. Tangu siku hiyo, akinusa asumini kwenye nguo ya mwanamke yeyote, alimfuata hadi kwake na kumuua, kwa sababu aliona harufu ile ni mali ya marehemu na huyu kaiiba. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alikuwa anainama tu, anafumba macho, ananusa shuka moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayesoma barua. Mimi nimezaa mara saba na sitishiki ovyo, lakini yule mtu alipofumba macho, mimi nilifumbua ya kwangu na hayakufumbika tena hadi alfajiri.

Meneja wa wakati ule, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa vituko. Akaona kuogopa kwa macho na masikio hakutoshi. Akanunua chupa kubwa za manukato ya asumini, akampa Bi Mashine kazi mpya: dobi akikaribia kutokea, lowesha kitambaa, kitundike mbele ya feni, upepo upeleke harufu ukumbini kupitia kidirisha. Kisha akazunguka mitaani na kipaza sauti: "Utamwona! Utamsikia! Utamnusa!"

Watu walifurika. Na baada ya siku chache tu wakawa wamefundishika. Pazia lilionyesha watoto wanacheza, au bibi anakata vitunguu, hakuna baya lolote, halafu harufu inashuka gizani, tamu, nzito, na ukumbi mzima unalia, "Anakuja! Anakuja!" Watu walishika mikono ya wasiowajua. Mkata tiketi wetu, pande la mtu tuliyekuwa tukimwita Kifaru, alikuwa anajificha nyuma ya pazia la mlango akisema anazuia upepo.

Hofu ikatoka nje ya ukumbi. Wanawake wakaacha kujipaka manukato wakienda sokoni. Jirani yangu mshonaji alifukia chupa yake uani, kisha akahofia kwamba udongo unanukia, akaifukua akaitupa mtoni. Na mimi ndiye niliyepata taabu kuliko wote, kwa maana harufu ile ililala nyumbani kwangu. Ilikuwa imeingia kwenye nywele za mwanangu. Niko jikoni, mlango haujalia, hatua sijazisikia, lakini asumini imeshaingia, na mkono wangu wenyewe unakwenda kwenye mchi wa kinu. Kisha ndiyo anatokea: "Mama, ni mimi, weka mchi chini." Kila siku nilimwambia, "Mwanangu, koga." Alikoga. Harufu haikutoka.

Ilikuwa Jumapili, onyesho la mchana. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye sakafu ya njia. Mimi nilikuwa mlango wa pembeni na tochi yangu. Meneja alikuwa amelalamikiwa kwamba waliokaa mbele kabisa hawainusi harufu vizuri, nao wamelipa kama wengine. Basi akapanda juu kabla ya onyesho, na Bi Mashine alipogeuka kuchukua mkanda, akaweka chupa juu ya kifuniko cha taa ya mashine. Alitaka manukato yapate joto, harufu iende mbali. Wapishi hupasha mafuta, kwa nini yeye asipashe manukato? Akashuka akipiga mluzi.

Katikati ya filamu kulikuwa na harusi. Watu wanacheza, mapambo, farasi, dobi hayupo kabisa. Na harufu ikaja. Haikuja kama siku zote. Ilikuja kwa mkupuo, kali, ya kuchoma koo. Ukumbi ukalipuka kwa kelele, "Anakuja!" Nikatazama juu. Ule mshipa wa mwanga unaotoka kidirishani kwenda kwenye pazia, ambao siku zote ni mweupe, ulikuwa na rangi ya machungwa, na ndani yake moshi ulikuwa unajikunja.

Chupa ilikuwa imepasuka juu ya taa. Manukato yale ni spiriti tupu. Mashine ya kwanza ilikuwa inawaka, na kitinda mimba wangu yuko nayo chumba kimoja.

Nikapiga kelele, "Moto! Tokeni! Moto!" Mnajua walifanya nini? Walipiga makofi. Mmoja akasema, "Meneja leo katuletea na moshi!" Mwingine akanishika gauni: "Mama, kaa chini, unatuziba." Kifaru alifungua milango mikubwa, mwanga ukaingia, wakamzomea afunge. Walikuwa wamelipa waogopeshwe, na sasa walikuwa wanaogopa kwa raha, hawakuwa tayari kupoteza hata kidogo. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyoniona naigiza vizuri. Sijawahi kuogopa vile maishani, jamani. Nyumba inaungua na waliomo wanacheka.

Ndipo feni ikazimwa. Kisha picha ikakatika, giza, miluzi, "Mashineee!" Na kwenye pazia likatokea neno MWISHO, lile lililochorwa kwenye kioo cha kuwekwa mbele ya taa ya mashine ya pili, na wimbo wa kufungia ukaanza kupigwa.

Wimbo huo mnaujua, ule wa tarumbeta usio na maneno. Umefunga kila onyesho la ukumbi huu tangu ulipojengwa. Ukipigwa, mtu anainuka, anatafuta viatu vyake kwa miguu, anatoka. Hafikiri. Hata aliyesinzia anainuka nao. Basi wakainuka! Walinung'unika, walitukana, walisema tumewaibia, dobi hajakamatwa, lakini miguu ina mazoea yake, ikawatoa. Hakuna aliyekimbia. Hakuna mtoto aliyekanyagwa. Walitoka na hasira zao na uhai wao.

Mwanangu peke yake ndiye aliyebaki. Gramafoni ya kupigia wimbo, ile ya kuzungushwa kwa mkono, ilikuwa juu, kona ya pili ya chumba kilekile. Alikuwa amezima feni ili moshi usishuke kwa watu, maana yake moshi wote ulibaki naye.

Wimbo ukaisha wakati nusu ya watu bado wako ndani. Sindano ikabaki inakwaruza. Wengine wakasimama, wakaanza kurudi kukaa, wakidhani kuna kipande kingine. Nikasikia sindano inainuliwa, wimbo ukaanza upya, nao wakaendelea kutoka. Nikajua yuko hai. Nikajua pia kwamba bado yuko kulekule. Nawauliza nyinyi mlio wazazi: ningeomba nini pale? Nilitaka wimbo ukome ili ashuke, na nilikuwa naogopa ukikoma itakuwaje. Tarumbeta zilizokuwa zikinifurahisha miaka yote, siku ile kila mpulizo ulikuwa unanikata.

Ukumbi ukabaki mtupu. Kifaru alinikuta chini ya ngazi ya chuma, akanishika kiunoni nisipande, nami nikamng'ata. Alama anayo mkononi hadi leo, mwulizeni. Wimbo ukaanza kuzorota, ukazama kama mtu anayesinzia, ukazimika.

Namwita, haitiki. Namwita, haitiki.

Kisha harufu ya asumini ikashuka ngazini. Hatua zilikuwa bado. Harufu ilitangulia, kama ilivyokuwa ikitangulia jikoni kwangu, nami nilijua nani anakuja. Akatokea amejifunika gunia lililolowa maji, hana nyusi, mkono wa kulia umeungua hadi kiwiko. Neno la kwanza: "Mama, wametoka wote?" Nikamzaba kibao. Kisha nikamkumbatia hadi wazima moto wakatutenganisha.

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sisifii tembo. Nasifia mtoto ambaye kwa ndoo za mchanga, magunia yaliyolowa maji na santuri moja alitoa watu wa mtaa mzima, na baadhi yenu msingezaliwa.

Harufu ile ndiyo ya mwisho aliyoinusa. Moshi uliua pua yake. Maziwa yakiharibika hajui, waya ukiungua hajui. Kwa hiyo nilipoacha kazi ya tochi sikuacha kuja. Kabla ya kila onyesho hupanda ngazi, hunusa chumba chote, kona kwa kona, kama yule dobi (Mungu anisamehe), ndipo namwambia, "Washa." Halafu nasimama mlango wa pembeni hadi wimbo ukome na nisikie hatua zake. Magoti siku hizi yanalalamika kila ngazi. Wapo wanaosema bibi kazoea sinema za bure. Semeni. Huu wimbo ukifika mwisho, moyo wangu husimama hadi leo.

Baada ya hapo alifanya kazi miaka zaidi ya thelathini mingine, na moto haukutokea tena. Mikanda ilipokufa na zikaletwa mashine hizi zinazofanana na majokofu, zenye kompyuta, walidhani atashindwa. Alijifunza kwa wiki chache, akafundisha wasichana wawili, ambao sasa ndio wanaopokea mashine. Nimewanusisha chumba mara kadhaa. Pua zao ni nzuri. Jambo moja tu aligoma: wimbo wa kufungia usiwekwe kwenye kompyuta. Santuri ileile, sindano ileile, kwa mkono wake wenye kovu. Na wale wa Jumapili ile wanaomsimamisha sokoni kumwuliza kama dobi alikamatwa, kila mmoja humpa jibu lake. Mwaka huu peke yake dobi ameshanyongwa, ametoroka, na ameoa tena.

Kwa niaba ya wote uliowaonyesha picha na wote uliowatoa mlangoni, asante, mwanangu. Ukapumzike, upike tutakachokula mimi na wewe, mimi nitanusa. Maisha yako ya mbele yawe marefu na mema, na ukae karibu yangu.

Nanyi nawaomba jambo moja. Baada ya onyesho la mwisho Bi Mashine atapiga wimbo wa kufungia. Najua miguu yenu itataka kuinuka. Izuieni. Kaeni mpaka tarumbeta zinyamaze, na zikinyamaza msipige makofi, msiseme neno. Sote tusikilize hatua zake zikishuka ngazi. Mimi nitakuwa mlango wa pembeni na tochi yangu. Nimezisubiri hatua hizo miaka yote peke yangu. Mara hii ya mwisho nataka tuzisubiri pamoja.

Onyesho linaanza saa tisa alasiri. Asikose mtu. Jumamosi.