Mchakamchaka na Kuchakaa

Lori la abiria lilikuwa halijafika mbali kutoka Nyamiaga, na Habibu muuza vitambaa tayari amemkalia kooni Kwandu, mama mkulima aliyeketi karibu naye. Alishamwamkia shikamoo, akaitikiwa, basi akaona adabu imekwisha.

"Ndiye wewe mama unayekimbia na mgambo alfajiri, na mvi hizo?"

"Ndiye mimi. Mwanangu yuko vitani, nami nilale?"

"Lakini kwenye darasa la watu wazima mlifundishwa kwamba mwili umejengwa kwa chembe ndogo ndogo zenye uhai. Kila ukikimbia, unazimaliza. Jina lenyewe linasema: mchakamchaka, kuchakaa! Mwili ni kitambaa, mama. Nitamwomba katibu wa kijiji akutoe kwenye gwaride."

Abiria wakaguna. Muuza vitambaa huona vitambaa hata peponi.

Damu ilimchemka Kwandu. Akamkunjulia kiganja puani. "Nimeshika jembe tangu usichana, kutoka Shinyanga mpaka Keza. Kitambaa kikisuguliwa hutoboka. Hiki kimetoboka?"

"Kimeota sugu."

"Umesema mwenyewe: kimeota! Kitambaa chako kimewahi kuota nini?"

"Utazeeka kabla ya siku zako."

"Na wewe unayeshinda umekaa dukani, siku zako umezifunga kamba?"

Hapo lori likagoma katikati ya mlima. Dereva akapiga kelele watu wote washuke wasukume. Kwandu akaruka wa kwanza. Habibu akashuka wa mwisho, akawa anahema hata kabla ya kuligusa lori.

"Kaa pembeni, mwanangu," Kwandu akamwambia, bega lake tayari liko kwenye bodi. "Usije ukachakaa."