Kijitabu Nilichosema Nimekielewa

Wafiwa wenzangu, ndugu na majirani, watoto wa marehemu walitaka kuandika haya wao kwa maneno ya shule, nikawanyang'anya kalamu, kwa kuwa lipo jambo ninalolijua mimi dada yake peke yangu, nami nalitoa leo mbele ya jeneza lake, ingawa uso sina pa kuuweka.

Mdogo wangu, mliyemzoea kwa jina la Mzee Kwa Nini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa mama yetu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966 na sekondari hadi 1970, akiadhibiwa kila mara kwa kumtupia mwalimu swali juu ya swali, ilhali mimi niliishia darasa la nne, nikahitimu umbeya.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchapa vitabu, kupanga herufi za madini ya risasi, tarehe 8 Desemba 1979 akamwoa wifi yangu, wakajaliwa watoto watatu, na tarehe 3 Septemba 1984 akafungua uchapaji wake katika chumba kilicho nyuma ya duka la fundi cherehani, akatoa vijitabu vya kurasa thelathini na mbili, vya kuingia mfuko wa shati, juu ya haki, nafsi, wakati na kifo, mambo ya wanafalsafa hayo, ila kwa lugha ya mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Kabla ya kuchapa alikuja kunisomea nikikunja nguo, na nisipoelewa aliandika upya, akiwaambia watu, "Dada akielewa, hakuna atakayeshindwa." Vijitabu kumi na saba vilipita hivyo, vikasomwa hadi vikachanika.

Cha kumi na nane kilihusu uhuru, akanisomea Jumamosi, tarehe 16 Mei 1998, saa ile ile jirani wa upande wa pili wa ukuta akimhoji mumewe shati jipya kanunuliwa na nani, sikio langu lote likawa ukutani, na kila aliponiuliza, "Hapo vipi, dada?" nikajibu, "Nimeelewa, endelea," nikiomba amalize nisogee dirishani.

Kikachapwa vile vile, wauzaji wakakirudisha mafungu kwa mafungu, kigumu kama jiwe, naye akasema kama dada wa darasa la nne ameelewa, basi watu wamechoka kufikiri, akaacha kuandika, akachapa kadi za harusi miaka ishirini na moja, akiwadharau wasomaji aliowapenda, nami nikanyamaza, mimi ambaye la mtu mwingine halijawahi kulala mdomoni mwangu.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2019, akalazwa tarehe 20 Mei, na tarehe 27 nikamwambia ukweli. Akageukia ukuta kutwa nzima. Asubuhi yake akaomba penseli na kile kijitabu, akasema, "Soma kwa sauti, na usipoelewa simama, mwongo we." Nikasimama karibu kila mstari, naye akaandika upya huku akinicheka, tukamaliza ukurasa wa kumi na moja, penseli ikamshinda, akafariki tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na kurasa ishirini na moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwacha achafue shuka kwa penseli, wenzake wa uchapaji, na majirani wote, pamoja na wale wa ukutani, ambao nawaomba wasinitazame hivyo, kosa halikuwa lao.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, ukurasa wa kumi na mbili nimeusoma jana mara tatu, na sijauelewa.